Lami Haipikwi Kama Mawese

Mchungaji Narcisse, kiongozi wetu, uliyeingia ukumbini na mwavuli na hujauweka chini mpaka sasa, wageni wetu waheshimiwa mliotoka Lilongwe, walimu wa Nicole, pamoja nawe mkuu wa maabara uliyekubali meza zako zichafuliwe kwa ajili yetu, wazee wa kambi, ndugu zetu Wamalawi wa vijiji vya jirani, zikomo kwambiri kwa kufika, Mama Kabibi na mafundi cherehani wote, wenye ukumbi huu, wanakwaya, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa karibu na sufuria kuliko karibu na wazazi wenu: jambo yenu!

Bwana asifiwe! Amina. Hiyo ya pili mmeitika kwa njaa, nimewasikia, lakini chakula kitangoja.

Kwa wasionijua, mimi ni Louise, dada mkubwa wa Byamungu, shangazi yake Nicole ambaye leo tunamvisha maua. Fabrice, mwongozaji wetu wa sherehe, amenikabidhi kipaza sauti na kunionya nisiongee sana. Fabrice, we nilikufundisha kunawa mikono. Kaa chini, baba. Nimemwahidi Mchungaji kwamba nitasema Kiswahili kizuri cha kitabu, lakini nikianza kucheka au kukasirika kile cha kwetu Bukavu, Kongo, kitatoka chenyewe, na hapo mtanivumilia.

Mmesikia sifa za Nicole kutoka kwa walimu wake. Amemaliza shahada ya kemia, na kazi yake ya mwisho inaitwa hivi, ngojeni nivute pumzi: muundo wa kikemikali na upimaji wa lami inayotokana na mafuta ghafi. Jina refu! Mama yake, wifi yangu Esperance, alipolisikia aliuliza kama mtoto amesomea barabara. Mimi nasimama hapa kuwaambia kwamba mtoto hakusomea barabara. Alisomea baba yake.

Sasa naomba mgeuke kidogo, taratibu, bila kuangusha viti, mumtazame Baba Nicole. Mnamwona? Tumemwekea kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, amekikataa. Amekwenda kukaa kule pembeni, peke yake, na suti yake ile moja, chini kabisa ya maungio ya mabati. Na nyote mnapajua pale. Ni palepale mlipopabatiza jina Ziwa Kivu, maana mvua yote ya kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa ikipitia pale kabla ya kufika shambani. Nimemuuliza, "Byamungu, kiti chako ni kile." Akanijibu, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "Yaya, niache, mi niko sawa hapa." Basi nimemwacha.

Na huko nje mmeona mbingu ilivyo. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya vilima vya Dowa, meusi, yanatutazama tu. Mvua ya kwanza ya msimu haijanyesha. Na msidhani sijaona mabeseni. Mama Kabibi, hilo la bluu chini ya kiti chako, umekuja nalo kula au umekuja nalo kukinga? Nacheka, lakini nakuelewa. Miaka yote, anayekuja ukumbi huu msimu wa mvua anabeba Biblia mkono mmoja na beseni mkono mwingine.

Wageni wetu wanashangaa, kwa hiyo nitawaeleza. Paa hili lililo juu yetu limezibwa na Byamungu na timu yake, mwezi wa nne, mvua zilipokwisha. Na Mchungaji alimwambia mbele ya wazee, maneno ninayakumbuka: "Fundi, nakupa paa hili mara moja. Mvua ya kwanza ikiingia ndani, upumzike, tutafute mwingine." Mchungaji, sikulaumu, ulikuwa na sababu. Lakini mwanaume huyu hajui kazi nyingine. Huko Bukavu alikuwa juu ya mapaa, na hapa alipofika aliona mabati mazee yaliyojaa matundu ya misumari, akasema Mungu hakuniacha. Sasa niambieni, fundi aliyekataliwa na kanisa lake mwenyewe, nani atampandisha kwenye paa la nyumba yake? Ndiyo maana tumekaa hapa tunangoja chakula na kila mmoja ana jicho moja juu.

Mambo yaliharibikia wapi? Yaliharibikia Chinsapo, mtaa wa Lilongwe. Mwaka jana timu ilikwenda Lilongwe kuziba paa la shule ndogo ya chekechea. Kazi yao mnaijua: wanachukua vipande vya vitenge na magunia vinavyobaki kwa mafundi cherehani wetu, wanavichovya kwenye lami ya moto, wanaviweka viraka juu ya matundu na maungio. Lile paa likawa zuri, jeusi, linang'aa. Walimu wakapiga makofi. Ikaja baridi ya mwezi wa sita, lami ikaanza kupasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Ikaja mvua, maji yakashuka juu ya watoto waliokuwa wamelala usingizi wa mchana. Mwenye shule alimfukuza Byamungu kama kuku aliyeingia jikoni, na habari zikafika kambini kabla yeye hajafika.

Byamungu hakulala. Alisema, na timu ikasema naye, kwamba kosa ni la muuza duka wa Old Town, soko la Lilongwe wanakonunua lami. "Yule mzee anatuuzia takataka! Anachanganya lami na oili chafu ya magari!" Wakapanga kwenda Jumamosi, wote, na pipa lao la kuyeyushia lami, wasimame mbele ya duka lake na kumpigia kelele mpaka soko zima lijue. Fabrice, naye ni wa timu, alishatunga na wimbo. Usikatae, Fabrice, mpaka leo naukumbuka kiitikio.

Nicole alikuwa Lilongwe chuoni, anatafuta kitu cha kufanyia kazi yake ya mwisho. Akasikia. Akampigia baba yake simu: "Papa, ngojeni kidogo. Nileteeni lami mbili. Moja kutoka kwenye furushi ambalo hamjalifungua, la duka lilelile. Nyingine mbandue kwenye paa la Chinsapo." Wakaziweka kwenye makopo mawili ya sadini, mimi mwenyewe nikazipeleka, nikanuka lami wiki nzima.

Ndugu zangu, lami ni nini? Tunaikanyaga njia yote ya kwenda Lilongwe, na hakuna anayeiuliza imetoka wapi. Nicole alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Walimu wake, mkiona nimekosea, kunyweni Fanta yenu mnyamaze.

Mafuta ghafi yakishatolewa ardhini yanapashwa moto kiwandani. Vilivyo vyepesi vinapanda kwanza: gesi ya kupikia, petroli ya pikipiki za kabaza zinazobeba abiria, mafuta ya taa, dizeli. Kile kizito kinachokataa kupanda kinabaki chini, na hicho ndicho lami. Mtaniambia, si kitu kimoja tu cheusi? Hata kidogo. Ndani yake kuna mafuta ya namna mbalimbali. Kuna resini, inayonata kama gundi. Na kuna unga mweusi mgumu unaoitwa asfalteni. Unga unaipa lami nguvu, mafuta yanaipa ulaini, resini inavishikanisha visiachane. Ni kama sombe: majani ya muhogo bila mawese hayapiti kooni, na mawese bila majani hujapika kitu.

Nicole akazipima. Akayeyusha kipande cha kila moja kwenye kimiminika cha maabara kinachoitwa heptani, mafuta yakayeyukia humo, ule unga ukazama chini, akauchuja, akaukausha, akauweka kwenye mizani. Lami ya kwenye furushi ilikuwa na unga wa kawaida, kama vitabu vyake vinavyotaka. Lami ya Chinsapo ilikuwa imejaa unga, na mafuta yake yalikuwa yamekwisha. Na kama muuza duka angekuwa ametia oili chafu, lami ingekuwa laini, ingeshika vidole. Hii ilikuwa ngumu. Kwa hiyo yule mzee hakuwa na kosa lolote, na kitu kilichokula mafuta ya lami ni moto.

Hapo mtoto akakwama. Akaja kwangu, akakaa kwenye mkeka, hata chai hakunywa. "Shangazi, ni Papa. Anaipika sana."

Eh! Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua mara moja ni nini. Nyinyi wa Bukavu na Uvira na Fizi, mtajua pia. Mama yetu alitufundisha kwamba mawese mabichi hayaingii kwenye chakula. Unayaweka kwenye moto, yanatoa povu, unangoja povu life, unangoja moshi upande, wekundu upungue, njo, yaani ndipo, unatia kitunguu. Ukila kabla ya hapo, tumbo litakuambia. Na Byamungu alipenda jiko, alikuwa anakaa karibu na mama kuliko sisi mabinti. Alipopewa lami akaifanyia vilevile! Waulizeni timu yake. Lami ikishayeyuka, tayari kwa kazi, yeye anasema, "Bado, bado mbichi, muache iive." Fabrice anaongeza kuni. Wanaimba. Moshi wa njano unafika barabarani, watu wa Chinsapo wanafunga madirisha, wanakohoa, na fundi wetu anatabasamu: "Sasa imeiva." Mafuta mengi yalikwishakwenda zake na moshi, na yaliyobaki moto na hewa viliyageuza kuwa unga.

Sasa, wageni wetu, jueni kitu kimoja juu ya kwetu. Binti hamwambii baba yake mbele ya watu kwamba amekosea. Hata awe na shahada tatu. Kazi hiyo ni ya shangazi. Shangazi njo mdomo wake. Mimi nilimbeba Byamungu mgongoni, nilimfuta kamasi, mimi nina ruhusa. Nikamwambia Nicole, "Wewe pima, mimi nitasema." Nikamchukua ndugu yangu, tukaenda Lilongwe, yeye akijua anakwenda kuona uchafu wa muuza duka ukithibitishwa na sayansi.

Mkuu wa maabara, wewe uliona yote, hebu nisahihishe. Nicole aliweka pete mbili za shaba, kila moja imejazwa lami, na juu ya kila moja gololi ya chuma. Akaziweka ndani ya maji, akawasha moto mdogo. Maji yakapata joto, lami ya kwanza ikalainika, gololi ikashuka polepole mpaka chini. Ya pili? Imekaa! Joto linapanda, gololi imekaa tu, kama Byamungu alivyokaa pale leo. Ndugu yangu akapiga makofi. "Hiyo njo yangu! Hiyo ya Chinsapo! Munaona? Iko na nguvu! Hiyo ingine ya kulainika haraka njo takataka ya yule mzee!"

Nicole akatazama sakafu. Mkuu wa maabara alikohoa, nilimwona.

Halafu ikaja sindano. Lami zote mbili zimepoa kwa kipimo kimoja, sindano moja, uzito mmoja. Kwenye ile ya kwanza ilizama vizuri. Kwenye ya Chinsapo iligusa tu, kama imekutana na kucha. Byamungu akazidi kufurahi. "Ngumu! Nimeshawaambia bantu kila siku, lami inapaswa kuwa ngumu!"

Ndipo mtoto akafungua kisanduku cha barafu. Akatoa vipande viwili vyembamba, mfano wa rula, kimoja cha kila lami. Akavishika kwa mikono miwili jinsi tunavyompa mkubwa kitu, akasema, "Papa, kunja." Baba yake akakunja kile cha kwanza, kikapinda, kikapinda, kikarudi polepole. Akakunja kile chake. Paa! Kikakatika, kipande kimoja kikaruka mpaka kwenye kiatu changu.

Wapendwa, Byamungu alishika kile kipande kilichobaki, akakigeuza, akakinusa. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Ni ile oili chafu." Nicole akanitazama. Na mimi nikasema: "Byamungu. Hii iliyopinda ni ya yule mzee, furushi lilelile, haijapikwa. Hii iliyokatika ni hiyohiyo moja, ikapita kwenye moto wako. Mama alitufundisha mawese. Lami hakutufundisha."

Nilikuwa tayari kwa hasira zake, nazijua tangu ana meno mawili. Lakini aliketi kwenye kigoda cha maabara, akamtazama binti yake aliyekuwa bado ameinamisha kichwa, na mnajua aliuliza nini? Aliuliza, "Sasa niitoe motoni saa ngapi?"

Nililia pale, siwafichi. Mwanaume mwenye mvi, ambaye kwa miaka hajamruhusu mtu hata amshauri juu ya moto wake, anamuuliza mtoto aliyemfundisha kutembea yeye mwenyewe. Na Nicole naye hakujivuna hata kidogo. Akavuta kiti, wakaanza kuzungumza, wakaongea mambo ya moto na hewa na kifuniko cha pipa mpaka mkuu wa maabara akatuzimia taa.

Nicole akampa baba yake kipimajoto kirefu cha chuma. Byamungu akasema, "Mi natumia macho." Wiki haikuisha, alikuwa amekifunga kwenye fimbo kwa waya. Na Mama Kabibi akamfungia uzi mwekundu mahali pa mwisho ambapo joto halipaswi kupita. Siku wanaziba paa hili, moto ulikuwa mdogo, pipa lina kifuniko, moshi hakuna. Mkapita mkisema, "Leo fundi anapika nini, mbona hakinuki?" Mlimcheka. Nilisikia.

Na yule mzee wa Old Town? Jumamosi moja baadaye walikwenda kweli, wote. Ila bila wimbo. Byamungu alimsalimia mara mbili, akanunua lami, akamsalimia tena. Yule mzee akaniuliza baadaye, "Mama, hawa watu wako leo wana nini? Mbona wananitabasamia hivyo?" Nikamwambia wameokoka.

Baridi ya mwezi wa sita ikapita juu yetu hapa, na mnajua baridi ya Dzaleka haina utani. Lami haikupasuka. Tulipanda kutazama, viraka vya vitenge viko palepale. Lakini Mchungaji alisema mvua, hakusema baridi, na mvua...

Ngojeni.

Fabrice, zima hiyo redio. Mnasikia? Hayo ni matone. Ee, hayo ni matone! Watoto, rudini ndani. Jamani, msisukumane, kaeni. Mama Kabibi, nakuomba, beseni liache palepale, usiliguse. Hiyo ni mvua kamili sasa. Annie, mtoto wa Mama Kabibi, funga ule mlango, maji yasiingie kwa mlango halafu watu wakasema ni paa.

Inabidi nipige kelele sasa. Mnanisikia huko nyuma? Vizuri. Tutazame wote, hakuna haja ya kujifanya. Tazameni Ziwa Kivu. Tazameni juu ya kichwa cha ndugu yangu.

Hamjaelewa bado kwa nini alikataa kiti cha mbele? Hata mimi ndiyo kwanza naelewa, nikiwa nimesimama hapa na kipaza sauti mkononi. Aliona mawingu kabla yetu. Amevaa suti yake ile moja, hana kofia, hana mwavuli, akaenda kukaa mahali ambapo kila mtu wa kambi hii anajua maji yanaanzia. Byamungu, uliketi hapo mbele ya walimu wake wote ili kama lami ya mtoto imekosea, mvua ikulowanishe wewe wa kwanza. Yesu wangu. Na hujamwambia mtu.

Bado kavu. Sakafu kavu. Mchungaji, nakuona unaweka mwavuli chini ya kiti. Asante. Hayo makofi yako nimeyaelewa, na fundi ameyaelewa: bado ana kazi.

Nicole, mwanangu, acha hayo maua kwanza. Pita hapa katikati, mpisheni. Nenda umguse baba yako bega. Mguse vizuri, wewe ni mtu wa vipimo. Haya, tuambie.

Amesema kavu! Mmesikia? Tena anamshikilia, hamwachii, na huyu mzee analia, kwa hiyo koti litalowana tu, lakini si kwa mvua.

Mama Kabibi, lete sasa hilo beseni la bluu. Likaoshwe, litiwe wali, ni kubwa kuliko sahani zetu zote. Walimu wetu, zikomo kwa mtoto mliyeturudishia. Wazee, wageni, majirani, mmenipa masikio yenu mpaka mabati yalipoanza kuongea, na mimi sishindani na mabati. Asanteni sana. Tule.